Kidole Gumba Safi

Merigi, 1996

Kiprono mjukuu wangu,

Chamgei. Sisi tuko salama, ng'ombe amezaa ndama jike, na babu yako bado anagombana na mguu wake.

Lakini wewe umenichosha. Kila barua ni swali lilelile: ule mwezi wa kujifunza upasuaji nje ya chuo uufanyie wapi, hospitali yenye jina inayodharau chuo chenu kwa kuwa kinawafundisha madaktari kutibu kwa mikono pia, ama ile ndogo iliyo tayari kukupokea.

Nilipoolewa, chai ikiwa bado ngeni hapa kijijini, nilikimbilia shamba kubwa la Kericho nijifunze kuchuma. Nyapara akaniweka nyuma ya wachumaji, niwabebee vikapu. Nikarudi nikijisifu. Mama mkwe alishika kidole gumba changu, akakigeuza, kikiwa safi kama cha mtoto.

"Kumbe ulienda kutembea," akasema.

Akanipeleka kwa jirani mwenye kashamba kadogo. Huko majani ya chai yalikipaka kidole hicho weusi ambao sabuni ilishindwa kutoa.

Sasa acha kuniuliza mimi. Waulize madaktari wa hospitali zote mbili kama watakuachia kisu na sindano. Ukirudi nyumbani, sitataka kusikia jina la hospitali. Utanipa mkono kwanza.

Kogo wako