Ijumaa Kiwanda Kinaponyamaza

Mama Moraa mpendwa,

Jumatatu, hapa Nyamira, meneja wa kiwanda chenu cha chai aliwaambia wakulima kwamba kompresa ya pili, mashine ya kusukuma hewa, haitanunuliwa. Iliyopo inatosha, alisema, kwa kuwa mabomba hayavuji hewa. Nikaandika, ndiyo kazi yangu. Kisha akaongeza, "Saa ya Mama Moraa inaendelea." Tangu tukuzike, sikuwa nimesikia jina lako mkutanoni.

Unakumbuka alipokuja akiwa mgeni? Kompresa ilinguruma mchana kutwa bila kupumzika, huku hewa ikitoroka kwenye viungo vya mabomba kabla ya kufika kwenye mashine za kufungasha chai. Uvujaji huo husikika kwa masikio, mradi kiwanda kiwe kimya, nacho kilinyamaza Jumamosi tu. Akakuita wewe, fundi wake mkuu, Msabato ambaye siku yake takatifu huanza Ijumaa jua likizama.

"Njoo Jumamosi usikilize mabomba."

"Jumamosi nasikiliza mahubiri."

"Basi nitatafuta fundi mwingine."

"Zima mashine Ijumaa saa kumi."

"Na majani mabichi?"

"Majani yatangoja, bwana meneja. Jua halitangoja."

Jioni hiyo, nyumbani Kiogoro, hukugusa chakula. Nilikwambia mimi Mkatoliki ningeenda Jumamosi nikaungame baadaye. "Ndiyo maana hawakukuita wewe," ukasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Wakinifukuza?" Nikajibu tutalima ndizi. "Wewe na jembe?" Ukacheka, ukala.

Ijumaa saa kumi meneja alikubali, akazima mashine zote, akabakisha kompresa. Nilipokuja kukuchukua, nilikukuta ukipaka maji ya sabuni kwenye viungo kwa brashi, meneja amekushikia kopo. Povu lilipovimba, ulikaza kiungo au ukabadilisha mpira uliochakaa. "Sikieni," ulituambia, "hiyo ni stima yetu inatoka nje." Jua likiwa bado juu ya migomba, kompresa ilizimika yenyewe.

"Imepumzika," akasema meneja.

"Nami naenda kupumzika," ukajibu, ukachukua mkoba wako.

Nashukuru kwa msimamo huo. Ulibaki na kazi yako, kiwanda kikawa kinanyamaza kila Ijumaa saa kumi mabomba yasikilizwe, nasi tukabaki na meza ya Ijumaa jioni: wewe, Moraa na mimi, simu zimezimwa. Katika nyumba ya mwandishi wa habari, hilo si jambo dogo. Moraa bado huzima yake.

Ijumaa hii saa kumi wanakagua bomba jipya la chumba cha kufungashia. Meneja ameniomba nifike. Kamera niiache nyumbani, amesema, nije na brashi.

Mume wako,
Baba Moraa