Pilipili Yako Imekataa Kudekezwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shuleni walitufundisha kuanza barua kwa kuuliza hali ya mwenzako, na mimi nimekaa hapa barazani na kalamu mkononi nikashindwa kukuuliza. Basi nitakupa hali yangu. Mimi ni mzima. Ni mzima na nina furaha mpaka wakati mwingine nakuonea aibu, maana siku tuliyokuzika nilidhani sitacheka tena. Nimeolewa, Mama! Niko Mkuyuni, Mwanza, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na mawe makubwa, na asubuhi nikifungua dirisha naliona ziwa lote pale chini. Mume wangu anaitwa Deo.

Hukumwona, kwa hiyo nikusimulie tulivyokutana. Nilikuwa kwenye feri, natoka nyumbani Sengerema. Kijana mmoja alikuwa anapanga matenga ya nyanya, maana wakati huo alikuwa amekodi bustani upande wetu. Tenga moja likaachia, nyanya zikabingirika feri nzima mpaka chini ya lori. Watu tukainama kuokota. Mama, hakuna hata moja iliyopasuka. Moja ilidunda! Nikamwambia, "Kaka, hizi nyanya au mipira?" Abiria wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote, akanijibu, "Dada, hizi zinafika Dar es Salaam hivi hivi zilivyo. Wewe mwenzangu unafika wapi?" Leo jibu ninalo. Nimefika kwake.

Anacheka na meno yote, Mama. Ana mabega ya mtu anayebeba maji tangu utoto. Akirudi bustanini jioni, kabla hajanawa, anapitia jikoni kuniambia tu kwamba amerudi, kama vile mimi sina macho. Bado hapa mtaani naitwa bibi harusi, na sijakasirika.

Bustani yake iko huko chini karibu na ziwa. Ana pampu. Analima nyanya, kabichi, hoho, na pilipili zile ndefu nyekundu. Tangu serikali iruhusu biashara huria, malori yanakuja mpaka ukingoni mwa bustani, wafanyabiashara wanashindana kununua. Mbegu anazitoa duka la pembejeo, zimo kwenye kopo lenye picha. Na kweli zinaota kama picha. Ungepita sokoni leo usingelitambua: kila kitu kikubwa, kinang'aa, kimelingana kama wanafunzi kwenye mstari.

Lakini ladha, Mama. Nyanya ya siku hizi unaikata, unaisifia, unaitia sufuriani, unaongeza nyingine mbili, na mchuzi bado unangoja. Hizo pilipili ndefu unaweza kuzitafuna huku unaimba kwaya. Nakumbuka vinyanya vyako vilivyokuwa vikijiotea kwenye jalala, vidogo, vina makunyanzi, vingine vimeshapasuka vikiwa bado mtini. Vinne tu na chungu kizima kilikuwa chekundu, na jirani alijua mchana huu unapika nini.

Kwa Deo sikusema neno. Nyanya hizo ndizo zilizonunua kitanda chetu, na mimi nampenda.

Kilichonisumbua ni Baba.

Tangu tukuzike, Baba hajakutaja. Hata mara moja. Ukiingia kwenye maongezi anasimama, anakwenda kuangalia ng'ombe. Shangazi anampikia, na yeye anakula kama mtu anayemeza vidonge. Nilipomuuliza kama chakula ni kizuri alisema, "Kipo, kinashibisha." Shangazi ananunua pilipili sokoni, anamkatia kando ya sahani, na Baba anazisogeza. Siku moja alimwambia, "Dada, hizi za nini? Umeniletea maua?" Na kule nyuma ya jiko, kwenye mipilipili yako, hakukanyaga tena. Mbuzi waliingia wakaimaliza. Nilipokwenda kuolewa nilichukua kile kishada kikavu cha pilipili kilichobaki kikining'inia juu ya mafiga, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikaondoka nacho.

Unajua taratibu za kwetu: baba hali kwa binti aliyeolewa mpaka aalikwe rasmi. Shangazi alinionya mapema, "Minza, siku hiyo baba yako hatakuja kufuata ugali. Atakuja kuona kama umeondoka na mkono wa mama yako." Tangu hapo sikuwa na raha. Nilitaka Baba aonje chakula chako. Nilitaka kitu kimoja tu kwenye sahani kimwambie kwamba hukuondoka kabisa.

Basi nikaamua kupanda pilipili yako. Na hapo ndipo nilipokukumbuka mpaka nikacheka peke yangu. Hukupanda pilipili hata siku moja ukiwa na furaha. Ulikuwa unasubiri Baba akuudhi. "Leo huyu mtu amenifikisha, leteni mbegu!" Sisi watoto tunakimbia kuleta, na wewe unachimba mashimo huku unamtaja Baba na ukoo wake wote, naye amekaa mbele ya nyumba anajifanya hasikii. Ulisema pilipili iliyopandwa na mtu anayecheka haiwi kali.

Nilijaribu kukasirika, Mama. Nilijaribu kweli. Siku ya kwanza nikaamka nimenuna, nikakuta Deo amefagia uwanja na amewasha mkaa. Siku ya pili nikamtafutia kosa, nikamwambia anakoroma. Akasema, "Pole mke wangu, leo nitalala nimekaa." Nitamkasirikia vipi mtu wa namna hiyo? Nikapanda huku nacheka, kwenye kona ya bustani yake, penye udongo mweusi.

Iliota! Ilinifika kifuani. Majani mapana, pilipili nene zinameremeta, kila anayepita anasimama. Zilipoiva nikachuma, nikasaga na chumvi na ndimu kama ulivyokuwa ukifanya, nikachovya kidole, nikaonja. Nikangoja. Nikaendelea kungoja. Kulikuwa na joto kidogo tu, kama chai ya tangawizi kwa mtu mchoyo. Nililia, Mama, nililia na kinu mapajani. Jirani yangu Mama Sofia akaja kuonja, akatikisa kichwa. "Si ulinieleza mwenyewe jinsi mama yako alivyokuwa anapanda? Wewe umepanda unachekacheka. Pilipili inajua." Nikamwamini. Nikajiona nimekupoteza mara ya pili, na safari hii kwa sababu ya furaha yangu.

Asubuhi moja nikampelekea Deo chai bustanini. Alikuwa amemaliza kumwagilia hoho zake kwa pampu, na sasa yuko kwenye mipilipili yako, ameshika ndoo. Anamwaga polepole, shina moja baada ya jingine. Kisha akatoa kopo la mbolea ya chumvichumvi, akaweka kijiko kwenye kila shina. Na anaisemesha! "Kunyweni, kunyweni vizuri. Mama mkwe asije akasema nawanyima."

Alikuwa anafanya hivyo kila siku. Nilipomuuliza, akaona haya, akainama. Akasema hakujaliwa kukusalimia wala kukuletea chochote ukiwa hai, wala kusimama pembeni ya njia upite kama mkwe anavyotakiwa. Akaona kwenye mipilipili hii ndipo mahali pake pa kukupa heshima yako. Maji mema ya ziwa na mbolea aliyoinunua kwa ajili ya mazao ya biashara, alikuwa anakuandalia wewe.

Niambie, ungefanyaje? Mimi nilimkumbatia, chai ikamwagika. Lakini wakati huohuo nilisikia sauti yako kule nyuma ya jiko ukimkaripia kaka aliyekuwa ameleta ndoo: "Toa maji yako hapa! Unataka iwe hoho?" Hukuwa ukiinywesha. Uliiacha kwenye changarawe na majivu, ijitafutie.

Nikamweleza Deo taratibu. Akaelewa, au nilidhani ameelewa. Tukang'oa mipilipili miwili na udongo wake, tukaipandikiza nyuma ya nyumba, kwenye ufa wa mawe ambako hata nyasi zinaota kwa kusitasita. Kiangazi kilikuwa kinaingia. Majani yakakunjamana, mengine yakaanguka. Deo akawa anaizunguka kama mtu mwenye mgonjwa wodini. "Minza, inakufa." Haifi. "Minza, kikombe kimoja tu." Hapana.

Nikavuka kwenda Sengerema kumwalika Baba. Alikubali, akanipa siku. Niliporudi nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa umelowa.

Ndipo tulipogombana, Mama, ugomvi wetu wa kwanza! Nilisikia kwa Mama Sofia redio ikipunguzwa sauti. Nilisema mambo yote niliyokuwa nimeyameza tangu harusi. "Nyanya zako hazina ladha, Deo! Hoho zako ni maji yaliyovaa ngozi! Kila unachokishika unakinywesha mpaka kinasahau jina lake! Na Baba yangu anakuja!" Nilijua nimemgusa pale anapojivunia.

Alikaa juu ya jiwe akitazama mikono yake. Kisha akasema, "Unafikiri sijui? Zile si nyanya za kula, Minza. Ni nyanya za kusafiri. Mnunuzi anakuja, anazibonyeza, anauliza kama zitafika Dar hazijapasuka. Ananiuliza ukubwa, ananiuliza rangi. Tangu nianze kulima hakuna mtu aliyeniuliza zina ladha gani. Wewe ndiye wa kwanza." Akasema kwamba yeye mwenyewe kwao Ukerewe walikuwa na nyanya zinazonukia mpaka mikono inabaki na harufu hata baada ya kuoga, na kwamba huwa anazitafuta kwenye matenga yake kila msimu, akijua kabisa hazimo.

Nilikaa karibu naye. Hasira zikaisha, na mimi nilikuwa hata sijapanda kitu! Akaniuliza, "Kweli mama yako aliiacha na kiu namna hii?" Nikasema kweli. Akasema, "Huyo mama alikuwa katili. Ningempenda."

Toka siku hiyo hakuigusa. Mkono ukimwasha anakwenda kuosha baiskeli, na baiskeli yetu sasa ndiyo safi kuliko zote Mkuyuni. Pilipili zilizokuja baadaye zilikuwa vipilipili vidogo vigumu, vimesimama vinatazama juu. Nilichuma ya kwanza, nikajisahau nikagusa jicho. Nilipiga ukelele Deo akaja mbio na jembe akidhani ni nyoka, akanikuta nacheka na jicho moja linatoa machozi.

Baba alikuja Jumamosi, kwa feri ya asubuhi, na jogoo na unga wa muhogo. Deo alimpokea kwa mikono miwili, "Shikamoo baba," huku ameinama mpaka nikamwonea huruma. Nilikuwa nimechemsha sato wa ziwani kwa vinyanya vilivyojiotea karibu na bafu, ambavyo Deo alikuwa amepigwa marufuku kuvisogelea. Nikasonga ugali. Nikaweka pilipili yako kwenye kibakuli, na chumvi na ndimu, nikatenga chakula, nikarudi jikoni. Nilisimama nyuma ya mlango nimeshika jagi la maji.

Nikasikia Deo akisema, "Karibu pilipili, baba." Kisha kikohozi, na kiti kikisogea. Na halafu Baba akageukia mlango wa jikoni, akaita kwa ile sauti yake ya zamani, sauti ya mwenye nyumba:

"Mama Minza! Unataka kuniua?"

Mama.

Nilitoka na jagi langu. Aliniangalia, akaona ni mimi. Deo alikuwa ameshika tonge hewani, hajui aliweke wapi. Niliogopa Baba atasimama aondoke, kama anavyofanya. Aliinua mkono kufuta macho, mkono uleule wa pilipili! "Lo! Lo! Nimekwisha!" Tukamnawisha wote wawili, maji yakamwagika mpaka kwenye shati lake la kanisani, naye analia na kucheka, na sidhani kama hata yeye alijua machozi yapi ni ya pilipili.

Kisha akavuta kibakuli karibu naye. Akamega ugali mwingine. Akamwambia Deo, "Mkwe wangu, wewe hukumjua mama yake huyu. Kaa vizuri nikuambie." Akaanza. Alisimulia jinsi ulivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu viatu vyake vilikuwa vikubwa. Alisimulia siku uliyomfukuza fahali wa jirani kwa mwiko. Mambo ambayo mimi mwanao sikuyajua! Mama Minza hivi, Mama Minza vile, mpaka feri ya mwisho ikakaribia na Deo akamkimbiza kivukoni kwa baiskeli. Kabla hajaondoka aliomba pilipili chache zilizoiva, akazifunga kwenye leso. Alisema atazipanda mwenyewe, kule nyuma ya jiko, na mbuzi wajaribu waone.

Deo ataendelea na nyanya zake za kusafiri, na mimi nitamsaidia kuzipanga kwenye matenga, maana ndizo zinazotuweka mjini. Lakini mawe ya nyuma ya nyumba ni yako. Nakuahidi nitatoa mbegu kila msimu na sitaikubali ndoo ya mtu yeyote, hata ya anayenipenda.

Kaa kwa amani huko uliko, Mama. Baba anakuja tena mwezi ujao, safari hii amejialika mwenyewe. Jina lako limerudi kwenye chakula chetu, na nakuahidi halitaondoka tena.

Mwanao,
Minza