Ubavu Niliouchorea Mistari

Jumatatu, 3 Machi
Uyole. Baridi, vidole vigumu. Nimemaliza mkato wa stendi ya beringi, ya mashine ya kusaga ya mama mmoja wa Kilolo. Ya zamani ilipasuka. Mama yangu aliuliza tena kwenye simu mkato ni nini. Nikamwambia ni kukichora kitu kana kwamba kimepasuliwa katikati, ndani kuonekane, na palipopita msumeno panajazwa mistari ya mshazari. Akasema kumbe nalipwa kwa kuchora mistari. Mistari yangu leo imenyooka kweli. Bosi, Mzee Mwasomola, aliitazama akasema, "Haya, Tusa, sasa unachora." Kwake hiyo ni hotuba.

Karatasi imeondoka na basi la saa nne kwenda Iringa, kwa Mzee Kihwele. Yeye hutuchongea modeli ya mbao, huikandamiza kwenye mchanga ipatikane kalibu, kisha humimina chuma. Tunamtumia karatasi moja tu, ya mkato. Karatasi nyingi hazitaki.

Majaribio yangu ya kazi yanaisha mwisho wa mwezi.

Jumanne, 4 Machi
Saa tano asubuhi, nachora mfuniko wa pampu. Nimefika kwenye ubavu, ule ukuta mwembamba wa kuimarisha. Nikauacha mweupe, kama tulivyofundishwa chuoni. Mkato ukipita kwa urefu wa ubavu, ubavu haujazwi mistari. Ukijazwa, msomaji anaona bonge.

Mkono ukasimama. Jana nilijaza.

Jumatano, 5 Machi
Sijasema. Nimejidanganya siku nzima kwamba Mzee Kihwele ana miaka mingi kwenye kazi, atajua tu. Atajuaje? Unene wa ubavu, milimita kumi na mbili, uko kwenye mchoro wa juu, wa kitu kikitazamwa kutoka juu, na mchoro huo uko kwenye droo yangu. Nimeufungua mara nne kuutazama, kana kwamba utasafiri wenyewe.

Bonge likimiminwa, bolti za chini hazitapata nafasi ya spana. Na chuma kinene namna hiyo pembeni ya chembamba kitapoa vibaya, kitapasuka tena. Kwenye kisanduku kilicho chini ya karatasi kuna neno Mchoraji na jina langu, kwa mwandiko mzuri.

Aliyekuwa kwenye meza hii kabla yangu aliondolewa kwa tundu moja tu lililokaa upande usio wake. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Mzee Kihwele tangu asubuhi. Simu imezimwa. Chuma kinamiminwa Jumamosi.

Saa nane nikamwambia bosi. Sauti ilitoka nyembamba, nikaichukia. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Chukua huo mchoro wa juu. Kesho uende Iringa mwenyewe." Basi. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 7 Machi
Basi la kwanza. Nimefika saa sita na ushee. Modeli iko juu ya benchi. Bonge. Imepigwa msasa, imepakwa rangi nyekundu, kazi safi kuliko yangu. Nilitamani kulia.

"Kamwene, baba," nikasalimia. Akaitikia. Nikafungua karatasi, nikaeleza. Alisikiliza bila kuacha kunoa patasi.

"Niliona zito," akasema. "Nikasema huyu binti ana sababu zake. Mimi nachonga mlichochora." Kisha akauliza niligundua lini.

Nikasema Jumanne.

"Jumanne nilikuwa bado sijagusa mbao, mwanangu."

Simu yake, kumbe, iliharibika jana tu. Jumanne na Jumatano ilikuwa hewani.

Alichukua msumeno akakata pande mbili za lile bonge, ubavu ukabaki katikati. Nikaomba nipige msasa, akanipa. Lakini rangi haikauki kwa kuombewa, na kalibu za mchanga za kesho zilikuwa zimeshafungwa. Stendi yetu itangoja Jumamosi ijayo.

Nalala kwa shangazi, Kalenga. Ameniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerudi Uyole. Nimempigia mwenye mashine wa Kilolo mimi mwenyewe, kabla sijapoa. Nikamwambia nilikosea mchoro, ni wiki moja zaidi. Akasema watu wake wanapanda mlima na debe kichwani kwenda kusaga kwa jirani. "Haya, tutasubiri. Afadhali umesema mwenyewe." Sikujisikia afadhali yoyote.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Bosi ameniuliza lile lile: niligundua lini. Nikasema Jumanne, saa tano asubuhi. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Sijui nini. Kuhusu kazi hajasema.

Mchana amenipa mkato mwingine, wa kapi. Nimeuchora polepole. Mbavu zote nimeziacha nyeupe. Nimebana mchoro wa juu nyuma yake, mzee wa Iringa ataununia, sawa. Halafu niliona kipimo kimoja sina uhakika nacho. Nikainuka hapo hapo, kalamu mkononi, nikaenda kumuuliza bosi.

Vile vipande viwili vya mbao vilivyokatwa nimekuja navyo. Vinakandamiza karatasi mezani, upepo usizichukue.