Mkono Ulionitoa Majini

Wiyoni, Lamu
Jumatatu, 5 Februari 2024

Kwa dada yangu mpendwa Habona,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na mke wangu, napenda kuutangazia ukoo wote, walio Kililana na walio mbali, kwamba tangu Ijumaa mimi Yeremia, fundi wa friji, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, navaa miwani. Ni ya kusomea tu. Mke wangu asema nafanana na mwalimu mkuu aliyefukuzwa kazi. Naomba utulivu katika kipindi hiki kigumu.

Hujambo, dada? Magoti yaendeleaje? Ufuta mmemaliza kuvuna? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa kuwa sikio lako na simu havipatani, na Madi wa bodaboda hupita kwako kila wiki.

Sasa habari yenyewe. Juma lililopita nilikuwa nikienda Siyu kutengeneza friji ya barafu ya wavuvi. Tulipoingia kwenye mkono wa bahari, pale penye mikoko, ghafla nikajikuta majini. Mimi, na mwili huu! Nilizama, dada. Nilikuwa nakwenda. Kisha mkono ukanishika, ukanitoa. Jana nimetoa ushuhuda kanisani. Watu walilia mpaka mpiga kinanda akaacha kupiga. Mchungaji ameniita kando na kusema jina langu litapelekwa mbele, Pasaka niwekewe mikono niwe mzee wa kanisa.

Mimi, mzee wa kanisa! Yule uliyekuwa ukimchapa kwa kulala kwenye ibada.

Nisalimie watoto.
Ndugu yako mdogo,
Yeremia


Kililana
19 Februari 2024

Mdogo wangu Yeremia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti ndiyo yaliyozeeka kabla yangu. Ufuta tumevuna, ndege nao wamevuna wao. Pole kwa miwani na pole zaidi kwa maji. Nilipofika hapo pa kuzama nilikaa chini, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza kumetokea nini.

Kisha nikaisoma tena. Barua yako ina mkono, ina mchungaji, ina mpiga kinanda, na wewe mwenyewe umo kila mstari. Lakini boti ina nahodha, Yeremia, na nahodha ana jina. Abiria je, hawakuwepo? Huo mkono ulikuwa wa nani? Maana mkono hauji peke yake, una mtu nyuma yake. Ulimwambia ahsante?

Nijibu hayo, kisha ndipo tuzungumze uzee wa kanisa.

Dada yako,
Habona


Wiyoni
26 Februari 2024

Dada mpendwa,

Hujambo na nyumba yako? Sisi salama.

Wewe ungekuwa polisi wangekupandisha cheo. Nahodha ni Bwana Shuaib, mtu wa Siyu. Alikuwepo, ndiyo. Kulikuwa na vurugu na kila mtu alikuwa akifanya lake, sikuweza kuandika majina.

Ushuhuda umeitwa makanisa mengine mawili upande wa bara. Ukisimulia mara ya tatu, dada, maneno yanakuja yenyewe. Nimesema kwamba mle botini walikuwemo waliochukizwa nilipoliita jina la Yesu, na ghafla nikawa majini. Sikusema zaidi. Wengine wanamalizia wenyewe.

Shida ni kwamba wamemalizia mno. Vijana wa kanisa wamekubaliana hakuna muumini kupanda boti ya Shuaib. Katibu naye ameandika barua kwa ofisi ya vyombo vya baharini, kwamba nilisukumwa kwa ajili ya imani yangu. Mimi sikumtuma aandike. Sasa Shuaib amezuiwa kubeba abiria mpaka kesi isikilizwe, Alhamisi tarehe 14 Machi, na mimi ndimi shahidi. Labda itaisha yenyewe. Watu wa ofisi wana mengi.

Niombee.
Ndugu yako mdogo,
Yeremia


Kililana
4 Machi 2024

Yeremia,

Hujambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Jana alinijia Bi Rawiya, mke wa Shuaib. Alivuka maji, akashika bodaboda mpaka shambani kwangu, kwa sababu aliulizia ni nani anayeweza kusema nawe ukasikia, akaambiwa dada yako. Nilimkaribisha chai akasema ahsante, akainywa nusu. Nikamuuliza kuna nini.

"Bi Habona," akasema, "sikuya kwa ugomvi. Mume wangu boti imefungwa, na mwezi wa Ramadhani huu waingia. Kidonda cha guu hakijapona. Alikatwa na magamba ya chaza alipomtoa nduguyo majini. Nimemwambia enda ukamuulize mwenyewe, yuasema haendi, yule mtu ajua alilolifanya. Basi nimekuya mimi. Nikipita ndiani watu wanitazama kama mke wa muuaji."

Nilimfungia ufuta kidogo akaukataa, kisha akaupokea ili nisione haya.

Sasa nisikilize. Nilikuwepo ulipobatizwa, miaka tisa imepita. Mwanzo ulilia kila ibada, nikasema mtoto hulia, atakua. Ukaanza kupiga kelele, nikasema ameanza kutambaa. Ukawa unafunga na kumtangazia kila mtu kwamba umefunga, nikasema ni meno yanaota. Sasa una miwani, Yeremia, na bado wataka watu wote waache kazi wakutazame unapopiga hatua mbili. Na hawa watakuwekea mikono uwachunge wengine?

Alhamisi ile ukinyamaza, mtu aliyekupa pumzi yako atanyimwa kazi yake. Ndilo jambo lenyewe, hakuna jingine. Na Pasaka sitakuja kukutazama ukiwekewa mikono.

Dada yako,
Habona


Wiyoni
9 Machi 2024

Habona,

Barua nimeipata.

Ni rahisi kunena ukiwa shambani. Nikisema sasa, mchungaji atachekwa na mji mzima, na kanisa letu hapa ni mabati manne na watu thelathini. Tukichekwa tumekwisha. Umelifikiria hilo? Wale watu wameinuka moyo kwa ushuhuda wangu. Mmoja ameacha pombe. Nimrudishie pombe yake?

Usinifundishe imani. Mimi ndimi niliyekuwa majini.

Yeremia


Kililana
12 Machi 2024

Mdogo wangu,

Salamu umezisahau, mimi zangu sijazisahau. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto je?

Yule aliyeacha pombe, kama aliiacha kwa ajili yako ataifuata tena, ukisema au usiseme. Kama aliiacha kwa ajili ya Mungu, hutamdhuru.

Sina la kuongeza. Alhamisi nitaamka mapema nikuombee, magoti yakubali yasikubali.

Bado dada yako,
Habona


Wiyoni
Jumatatu, 18 Machi 2024

Dada yangu Habona,

Hujambo, dada? Hujambo tena, kwa ile barua niliyokuandikia bila salamu. Magoti ya Alhamisi yalikuwaje? Mke wangu akusalimu, watoto wakusalimu, nami nakusalimu nikiwa nimeinama. Barua ile ichome. Au iweke unionyeshe nikianza tena.

Usiku wa Jumatano sikulala, sitakudanganya kwamba nilikuwa nikiomba. Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema bila kusema. Kwamba sikumbuki vizuri. Kwamba maji yalikuwa mengi. Niliandaa sentensi nzuri sana, dada, ungeipenda.

Chumba cha kesi kilikuwa kidogo. Shuaib amekaa upande wa dirisha, amefunga, midomo mikavu, mguu una bendeji iliyogeuka rangi ya udongo. Katibu wetu yuko nyuma yangu na faili. Afisa akasoma malalamiko yote, kisha akavua kofia. "Bwana Yeremia, ulisukumwa?"

Katibu akaniinamia sikioni. "Sema, mzee mtarajiwa."

Ile sentensi yangu nzuri ikafika hapa kooni. Nikamtazama Shuaib. Hakuwa akinitazama, alikuwa akiitazama boti yake kupitia dirisha. Nikasema, "Sikusukumwa. Nilianguka kwa ujinga wangu, na nahodha ndiye aliyenitoa."

Katibu alilifunga lile faili polepole, kama mtu anayefunika maiti. Afisa akauliza mbona sikusema tangu awali. Nikamwambia kweli. Watu walikuwa wakilia vizuri, nikaona vibaya kuwakatiza.

Hakucheka mtu.

Nje nilimfuata Shuaib mpaka kwenye ngazi za gati. "Bwana Shuaib, nimekukosea."

Akageuka kwenye ngazi. "Mke wangu yuaumizwa na maneno ya watu mwezi mzima," akasema. "Hilo huliondoi yeo hii."

"Najua."

"Basi enda ukaseme pale uliposemea mwanzo. Hapa nimesikia mimi na afisa. Kule walisikia watu."

Nilitaka kumwambia kwamba kwangu lile la ofisini lilikuwa tayari kubwa mno. Nikanyamaza, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Jana nikaomba nafasi baada ya sadaka. Mchungaji alidhani ni ushuhuda, akanipa kipaza sauti huku akitabasamu. Sikukitumia. Niliposimulia, nilisikia hata punda akipita nje. Mwishoni hapakuwa na amina. Mchungaji alikaa chini, akanawa uso kwa kiganja kitupu. Baada ya ibada ameniambia jina langu limeondolewa, na hakulisema kwa ubaya. Katibu hanisalimu. Vijana wawili wamekwenda Siyu leo kwa boti ya Shuaib, hawakuniambia, nimewaona tu wakipanda. Yule aliyeacha pombe sijui habari zake, bado naogopa kuuliza. Bibi mmoja wa kwaya alinishika mkono mlangoni, nikadhani ananifariji. Akasema, "Lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi."

Nilidhani kukua ni kuitwa mzee. Kumbe nimeitwa mwongo mbele ya mke wangu na watoto, na usiku wa jana nimeomba maneno machache kuliko yote niliyowahi kuomba, nikalala kama gunia.

Shuaib amerudi kazini. Hajaniambia amenisamehe. Leo asubuhi nimempa salamu gatini akaijibu, na Bi Rawiya sijathubutu kumfikia. Nitamfikia.

Lakini wewe, dada, umesikia kwa Bi Rawiya, hujasikia kwangu. Basi hivi ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa abiria saba. Shuaib alinipa jaketi la kuokolea, nikalikalia kama mto, kwa kuwa ubao ulikuwa mgumu na mimi mtu wa raha. Tulipokaribia pale mahali pabaya penye fungu la mchanga, Shuaib akasema Bismillahi na abiria wote wakaitikia. Ni desturi yao, hakuna aliyenigusa wala kunitazama. Mimi nikaona nimeachwa nyuma. Nikaona Mungu wangu ataonekana mdogo nisipojibu. Nikasimama, sanduku la vyombo vya kazi mkononi, nikaanza kuomba kwa sauti ya mkutano wa hadhara, nikakemea maji, nikakemea upepo, na sina hakika kama sikumkemea na nahodha. Shuaib aliniambia niketi. Mara mbili aliniambia. Bibi mmoja mwenye kikapu cha mayai akanivuta shati. "Bwana we, keti," akasema, "Mungu asikia hata ukiketi." Nikapandisha sauti.

Boti ikagusa fungu. Nikaenda.

Nilizama kwa sababu sikutaka kuliachia sanduku. Shuaib aliruka na nguo zake. Alinibandua vidole kimoja kimoja kwenye mpini, chini ya maji, kisha akanivuta kwa ukosi mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na hapo ndipo chaza walipompasua mguu. Hapakuwa na mkono mwingine, dada. Kama Mungu alituma mkono, basi ulikuwa ule, wenye kovu la kamba na saa ya plastiki, nami niliuona vizuri sana.

Tulikaa juu ya mizizi tukihema. Damu yake ilikuwa ikitiririka kwenye tope. Akaniuliza, "U mzima, Bwana?"

Sikumjibu. Aliniuliza mara ya pili, na bado sikumjibu. Akadhani nimepigwa na mshtuko, akanifunika kwa shuka lake. Sikuwa na mshtuko wowote. Nilikuwa nachagua maneno ya Jumapili, na yeye nilikuwa nimekwisha kumtoa humo.

Ndugu yako mdogo,
Yeremia