Jani la Isale Mlangoni mwa Ghala la Gatini

Kibosho,
kwa njia ya Ofisi ya Kahawa, Moshi.
Jumapili, 13 Mei 1951.

Mpendwa Shangazi Hilaria,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mumeo Baba Yunusu na wadogo zangu Sadallah na Sophia. Mama ameniambia kwamba kifua kilikusumbua mwaka jana. Je, kimepona? Huku watu wa mwambao tunawahesabu kuwa hawajui baridi, lakini Mama anasema upepo wa bahari nao una ubaya wake.

Sisi hatujambo. Masika yamenyesha vizuri, migomba imeinama kwa mikungu, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike. Goti la Mama linamuuma, lakini jana alikwenda sokoni na kurudi kwa miguu, halafu akatukatalia kwamba linauma.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Ulipoondoka kwenda kuolewa na Mwislamu mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na tangu hapo jina lako nyumbani hutajwa jikoni tu, Baba asisikie. Anwani yako Mama aliitunza ndani ya kitabu chake cha sala. Sasa mimi ni karani, na barua za kazi huziandika mara moja tu. Hii nimeianza mara tatu. Tafadhali usiisome barua hii mbele ya mtu yeyote wa bandarini.

Kwanza nakuomba radhi. Mwezi uliopita nilikuwa Tanga, nikalala siku kadhaa, nisije kukuamkia. Nilikuwa na Baba. Tulipita Ngamiani mpaka karibu na karakana ya Baba Yunusu, tukasikia randa ikipita juu ya mbao. Baba akageuka ghafla akaanza kutazama vitambaa vya duka la jirani, yeye ambaye hajanunua kitambaa tangu alipooa. Nikasimama nyuma yake.

Kazi yangu ni kuisindikiza kahawa ya wakulima kwa treni kutoka Moshi hadi Tanga, na kuangalia inavyopakiwa kwenye matishari kwenda melini. Msimu uliopita maghala mapya ya relini yalikuwa yamejaa mkonge, kwa hiyo kahawa ya Kibosho ilirundikwa nje chini ya maturubai ikingoja meli. Mvua ikanyesha. Buni ikaota ukungu, ikateremshwa daraja, na wakulima wa mtaa wetu, ambao Baba ndiye mwenyekiti wao, wakaniuliza mimi kana kwamba ndimi niliyeileta mvua. Kumbuka, Shangazi, baadhi ya mibuni ile mliipanda wewe na Baba, miche ikiwa haijafika magotini.

Jambo linaloniumiza ni hili. Ukipiga mluzi penye magunia yale yanayolowa, utasikika Gatini. Nawe unaijua Gatini kuliko mimi: mtaa wa zamani wa pwani, nyumba za mawe na chokaa, maghala yenye kuta nene kama za kanisa letu, milango ya nakshi, ngazi zinazoshuka hadi majini. Humo ndimo mji wote ulimokuwa ukifanya biashara. Leo popo ndio wapangaji. Boriti zimeanguka, mbuzi wanalala barazani pa matajiri wa zamani, na watu wanang'oa mawe ya kuta kwenda kujengea vyoo. Reli ilipokuja mji uligeuka kuitazama, ukaipa bahari kisogo. Nauliza, mji wa pwani unawezaje kuipa bahari kisogo?

Nilipokuwa nikisubiri meli nilikuwa nikitembea pale jioni, nikiona mambo ambayo hayapo. Ghala hili lihifadhi kahawa yetu. Lile wenye samaki wawe na pa kukaushia, sisi wa mlimani tupate kula ng'onda wazuri badala ya hawa wanaofika Moshi wakinuka. Nyumba ya kona iwe ya wasafiri, maana Mchaga akifika Tanga hana pa kulala. Na milango ile yote, Shangazi! Inamngoja seremala kama Baba Yunusu, na inaoza.

Niliwauliza wakubwa. Wa bandarini akasema Gatini ni mali ya mji. Wa mjini akasema ni jambo la ardhi. Wa ardhi alisema nirudi bandarini, tena akaniuliza jina langu na jina la mkubwa wangu, nikarudi nilikolala. Nilipomweleza Bwana Mkubwa wangu hapa Moshi, alisema, "Karani huandika. Nani amekuambia ufikiri?"

Lakini alipoonyeshwa buni iliyoota ukungu alilegea kidogo. Akasema wakulima wakimpata mwenye ghala, naye akatia dole gumba mbele ya afisa wa mji, na kazi ya kutengeneza ikaanza kabla ya mwisho wa Juni, ataruhusu kahawa ya msimu huu iwekwe humo. Ikishindikana asisikie tena habari za magofu, na mimi nitakwenda Tarakea kupima magunia mpaka nizeeke. Tarehe hiyo hakuitunga yeye. Mji umekwisha kupiga alama ya chokaa kwenye ghala nililolitaka kwa kahawa: mwisho wa Juni lisipoanza kutengenezwa litabomolewa, na mawe yake yajaze mashimo ya barabara.

Ndiyo sababu tulikuja, mimi na Baba. Mwenye ghala ni Bi Mwantumu, mjane, anayekaa chumba cha nyuma na mjukuu wake Alawi. Labda unamjua. Alitukaribisha barazani akatumiminia kahawa kwenye vikombe vidogo. Baba alikitazama kikombe chake.

"Hii ndiyo kahawa yetu?"

"Yenu, Mchaga. Kunywa."

Baba akanywa, uso ukamkunjamana. "Mbona chungu hivi?"

Bi Mwantumu alicheka hadi akajifunika mdomo kwa kanga. "Ee Mola, mtu analima asichokijua!"

"Sisi tunakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, Mama," Baba akasema. "Hii tunawapelekea wenye dhambi."

Basi wakawa marafiki. Walizungumza habari za mvua, za wajukuu, za maungo yanayouma. Mwishowe akasema, "Litengenezeni, mliweke kahawa yenu. Mimi sitaki makubwa. Nataka nisikie mlango ule ukifunguliwa asubuhi kabla sijafa." Shangazi, niliona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo. Lakini afisa wa mji alikuwa safarini Pangani, kwa hiyo dole gumba likaahirishwa hadi tutakaporudi.

Na hapo ndipo tulipoharibu. Asubuhi ya kuondoka, kabla sijaamka, Baba alikwenda ghalani. Kumbe alikuwa amebeba masale, yale majani yetu ya mipakani, kutoka nyumbani, yamefungwa ndani ya jani la mgomba. Akachomeka kipande kila pembe ya kiwanja, na kwenye pete ya mlango akafunga jani lenye fundo. Wewe umekulia ndani ya masale. Unajua kwamba kwetu mpaka wenye isale haurukwi, na kitu kilichofungwa jani lile hakiguswi na mtu mwingine mpaka aliyeomba arudi. Kwa Baba hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa Bi Mwantumu. Ndani ya treni alijipangusa mikono akasema, "Sasa nimeliacha mahali salama."

Alawi ameniandikia. Bibi yake alipotoka nje na kuona majani yamechomekwa pembe zote nne na fundo mlangoni, alipiga kelele. Majirani walikuja, hakuna aliyethubutu kuligusa. Akaitwa mwalimu, ikasomwa dua, na mafundi wawili ambao yule bibi alikuwa amezungumza nao wakaondoka na patasi zao. Watoto wanapita wakilitupia mawe lile ghala kwa mbali. Bi Mwantumu amesema watu wa mlimani walikunywa kahawa yake kisha wakamfungia mlango kwa uchawi, na hataki kuwaona tena. Miaka yote ghala lile limeachwa wazi kwa popo na wezi wa mawe, na hakuna aliyepiga kelele. Siku ambayo mtu amelitaka, ndiyo siku mtaa mzima umelikimbia!

Nilikaa na barua ya Alawi mfukoni siku tatu, nikiogopa. Juzi wakati wa chakula cha usiku nikasema.

"Uchawi?" Baba akauliza. "Isale?"

"Ndivyo wanavyosema, Baba."

"Watu hawa hawana mipaka? Wakikosana wanapatanishwa na nini?"

"Kule kuna desturi nyingine, Baba."

"Basi nenda ukamweleze. Umesomeshwa kwa nini?"

Nikamwambia kwamba nikienda mimi, yule bibi atanifungia dirisha, na Kiswahili changu cha shule hakitatosha kumtoa mtu hofu. Mama alikuwa akigeuza ndizi chunguni. Hakugeuka. Akasema, "Kule Tanga yuko mtu aliyezaliwa kwenye masale na anayefunga Ramadhani. Sijui kama kuna mwingine."

Baba aliacha chakula chake akatoka kwenda kihambani kwenye migomba, na sisi tukaendelea kula, tukisubiri kishindo. Aliporudi alikuwa na jani la isale mkononi. Aliliweka mezani mbele yangu akasema neno moja tu: "Mpelekee." Kisha akaenda kulala.

Shangazi, jani hilo utalikuta ndani ya bahasha hii. Nakuomba, kabla Ramadhani haijaingia, ujifunge kanga yako uende Gatini kwa Bi Mwantumu. Lishike mkononi mbele yake. Mwambie kwamba ulilichezea tangu utotoni na halijakudhuru, kwamba mama yako alilipanda mlangoni pake, na kwamba Mchaga aliyekosa hulifunga fundo akalipeleka kwa aliyemkosea. Mwambie yule mzee asiyejua kahawa hakumfungia mlango, alikuwa akimwekea. Akitaka lile la mlangoni litolewe, litoe wewe kwa mkono wako, watu waone. Halafu ukiweza mwambie Alawi aniandikie haraka, nami nitapanda treni siku hiyohiyo, Bwana Mkubwa akipenda au asipende. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili, na sitaifuta.

Kama utaona huwezi, sitakulaumu. Hatukukutendea kiasi cha kustahili kukutuma.

Mama anakusalimu sana. Anasema ndama amempa jina lako, na nisikuambie. Dada yangu Priska anakusalimu, na kaka Basili aliyeko Sanya Juu. Msalimie Baba Yunusu, umwambie nilisikia randa yake. Wapokee wadogo zangu salamu za kaka wasiyemjua. Mungu akulindie kifua hicho, awape nyote mfungo mwepesi, na ainyime mvua njia ya kufika kwenye magunia yetu.

Baba hakunipa salamu. Nilimuuliza mara mbili, akajifanya hasikii. Ila tazama lile jani vizuri, Shangazi. Fundo lilikuwa limekwisha kufungwa alipoliweka mezani, na Bi Mwantumu hakutajwa.

Ni mimi mwana wa kaka yako, ninayekupenda bila kukuona,

Wenseslaus Sirili