Zamu ya Jumapili

Kaka yangu mpendwa,

Nitatetea hoja moja tu katika barua hii, na naiweka mezani kabla ya salamu ili usije ukasema nimeificha chini ya maneno matamu: mazoezi yangu hayakumvunja Baba nyonga. Wewe uliandika kinyume cha hayo Jumapili jioni, katika kundi la ukoo, mbele ya watu thelathini na wawili, kuanzia shangazi zetu hadi watoto wa binamu ambao wakikutana na Baba njiani hawamjui. Uliandika kwamba mdogo wetu msomi alikwenda kucheza maji akamwacha mzee peke yake. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote cha chuo, na nimekuta ina kosa.

Sasa adabu ichukue nafasi yake. Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Mimi sijambo, kwa maana ya kusimama na kutembea. Baba yuko wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Alifanyiwa upasuaji Jumatatu, na daktari ameniambia, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba mfupa utaunga lakini kutembea ni suala jingine. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la korido, karatasi juu ya begi langu la kuogelea. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Tangu utotoni umeniita Wakili wa Jikoni. Basi leo mwache wakili amalize.

Unajua kazi yangu ni ile ile ya kampuni ya bima, kitengo cha madai. Nimesoma falsafa miaka mitatu ili niandike barua za kuwaambia watu kwamba hawatalipwa. Mwezi wa pili, wenzangu ofisini walijiandikisha kwa mashindano ya michezo mitatu, ile wanayoiita traiathloni: unaogelea mita mia saba na hamsini, unatoka majini unapanda baiskeli kilomita ishirini, unashuka unakimbia tano. Mkuu wa kitengo alisema kwa mzaha kuwa mimi nibaki kushika taulo, maana falsafa haielei. Nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Unanijua.

Ili niweze, nilichora ratiba. Karatasi kubwa, mistari ya rula, nikaibandika kwenye mlango wa jikoni: bluu kuogelea, nyekundu baiskeli, kijani kukimbia. Kila siku na kisanduku chake, na kila nilichomaliza nilikitia alama ya vema kwa kalamu nyeusi. Nilimweleza mke wangu kwamba hakuna atakayenyang'anywa saa yake. Kwamba wiki ina saa mia moja sitini na nane na mimi naomba tisa. Alisikiliza huku akifunga kamba za viatu, maana zamu yake kwenye tanuri la mikate huanza kabla ya jua, akaniuliza kama katika hesabu hiyo nimeweka saa za kutafuta soksi za mtoto.

Wiki yenyewe, iliyoishia Jumapili hiyo, ndiyo hii. Jumatatu nilikimbia alfajiri kilomita sita, nikarudi, nikamwogesha Baba, nikamlisha uji, nikamfikisha binti yangu chekechea akiwa na kiatu kimoja mkononi, nikaingia ofisini nimechelewa dakika tisa. Jumanne mtoto aliamka na kikohozi, bwawa nikaliacha. Jioni nilipopita mlango wa jikoni nikakuta kisanduku cha Jumanne kina alama ya vema. Ya penseli. Nikamuuliza mke wangu kama ananicheka. Akasema hana muda wa kuchezea penseli.

Jumatano asubuhi Baba alikuwa amekaa mbele ya ile karatasi, miwani puani, kidole kikitembea juu ya mistari. Akanitazama kama anavyonitazama siku hizi, kwa heshima ya mtu na mgeni.

"Jana hukuingia zamu," akasema. "Nimekujazia."

Kaka, wewe unamkumbuka alivyokuwa. Miaka ishirini na sita ndani ya kile kibanda cha vioo, lango la kiwanda, akiandika nani ameingia saa ngapi na kupiga king'ora. Unakumbuka siku alipokataa kumwandika Baba Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, kwa sababu ya dakika nne, wakakaa mwaka mzima hawasemezani. Mtu yule hajawahi kutia alama mahali ambapo kazi haikufanyika. Kwa hiyo niliulizia kazi yenyewe. Yule mama mstaafu wa chumba cha chini, ambaye hukaa naye tukiwa kazini, akanieleza kwamba mzee alikunja mikono ya shati, akasimama kwenye beseni la bafuni, akawa anazungusha mikono ndani ya maji huku akihesabu kwa sauti. Yeye alidhani anafua.

Tulicheka, Kaka. Mke wangu alicheka mpaka akaegemea friji. Nakiri kwamba nilifurahi. Kwa miezi mingi Baba alikuwa akiniita kijana wa asubuhi, na kila jioni akiuliza kama zamu yake imeisha ili aende nyumbani, naye yuko nyumbani. Sasa alikuwa na daftari lake tena. Na mimi nilikuwa na mwenzangu.

Jumatano hiyo baiskeli nayo ilinishinda. Mkuu wa kitengo alinirudishia faili la muuza duka ambaye rafu ilimwangukia mteja. Nilikuwa nimeandika kurasa nne za hoja. Akaniambia kurasa zote hizo ni mapambo. Katika kitengo chetu swali ni moja tu, na akalizungushia duara kwa kalamu: alijua kabla? Alijua kwamba rafu imelegea? Kama alijua, halipwi; funga faili. Niliporudi, kisanduku chekundu kilikuwa na penseli. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akakanyaga hewa nusu saa, mama wa chini akimshikilia mgongo na kumwambia apunguze mwendo kuna kona.

Alhamisi nilikimbia vibaya. Ijumaa nilifika bwawani, na mwalimu wetu, mwanamke mfupi tunayemwita Bi Filimbi, akaniambia mbele ya watu wote kwamba naogelea kama mtu aliyeangusha funguo chini ya maji. Nikarudi nyumbani na hasira. Mke wangu alikuwa mlangoni mwa bafu, tambara mkononi. Sakafu yote ilikuwa maji. Baba, mikono ya shati imelowa mpaka mabegani, alikuwa ametia alama yake kisandukuni kabla sijatia yangu, kana kwamba ananisainia.

"Ondoa hiyo karatasi," mke wangu akasema. "Leo kateleza, kajishika kwenye bomba. Kesho hatashika kitu."

Nilimjibu. Nilimwambia mzee aliyenyimwa kazi hufa mara mbili. Nilimtajia tafiti nilizosoma. Nilimuuliza kama anataka tumkalishe mbele ya ukuta mtupu. Nilisema vizuri sana. Aliinama akaendelea kupangusa sakafu, nami nikahesabu hilo kuwa ushindi, jinsi nilivyozoea. Jumamosi niliporudi kutoka kwenye baiskeli nikamkuta amefunga begi lake na la mtoto, anakwenda kwa wazazi wake. Hakupiga kelele. Alisema kwenye ile karatasi kuna rangi tatu na hakuna hata moja iliyo yake, na kwamba kabla sijafanya lolote jingine ninunue kapeti la mpira niliweke bafuni. Nilikuwa na njaa na uchovu. Kapeti sikununua.

Sasa tufike Jumapili, kwenye hoja. Kisanduku cha Jumapili ni cha bluu: kuogelea, mita elfu moja na mia mbili, saa kumi na mbili asubuhi. Wewe umesema nilikuwa bwawani. Muuguzi wa mapokezi ameandika hivyo hivyo. Mke wangu anaamini hivyo hivyo. Wote neno hilo mmelitoa kwangu. Nami nasema, na Bi Filimbi ni shahidi kwamba hakuniona: sikuwa bwawani. Hoja yangu basi imesimama. Mazoezi hayakumvunja Baba, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mazoezi. Nilikuwa kitandani, chumba cha pili, hatua saba kutoka alipoangukia.

Nilikwisha amua tangu jioni yake kwamba sitakwenda. Nilijiambia nabaki ili Baba asiwe peke yake. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka mpaka hapakuwa na mtu ndani yangu wa kuamka. Saa kumi na mbili kasorobo mlango wangu ulifunguliwa. Baba alikuwa amesimama pale, amevaa, mikono ya shati ameshaikunja. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha uso wake ukafanya kitu ambacho sijakiona tangu mwaka juzi. Alinijua, Kaka. Siwezi kukosea katika hili.

"Lala, mwanangu," akasema. "Ya leo naichukua mimi."

Nami nikalala. Niliijua sakafu ile. Niliambiwa Ijumaa, kwa lugha nyepesi, na mtu aliyeshika tambara. Nikamsikia akifungua bomba, nikamsikia akianza kuhesabu, na nikahesabu naye moyoni. Kwenye arobaini na moja akanyamaza, na kitu kikaanguka. Nilitazama saa ya mazoezi mkononi mwangu. Sikuinuka. Nilijiambia ni ndoo. Nilisubiri aseme arobaini na mbili. Na nitakuandikia hata hili, ambalo sikumwambia daktari: kile kimya, kwa mtu niliyekuwa nimechoka vile, kilinipumzisha. Nilipoinuka, saa ilionyesha kwamba zimepita dakika kumi na moja. Baba Mdogo alifukuzwa langoni kwa nne.

Alikuwa macho, shavu kwenye maji. Aliponiona miguuni pake akaniita kijana, akaniomba radhi kwamba hajamaliza. Hospitali waliponiuliza nilikuwa wapi, jibu likatoka lenyewe: bwawani. Niliona ni heri ukoo wote unishitaki kwa kupenda michezo, kosa la mtu mwenye tamaa ya makuu, kuliko mjue nilikuwa nimejifunika shuka nikisikiliza. Ulipoandika katika kundi, ulikuwa unarudia uongo wangu. Ndilo kosa la sentensi yako, na ndilo kosa pekee.

Mashindano ni baada ya wiki mbili. Nimeshamwambia mkuu wa kitengo nitashika taulo. Mke wangu hapokei simu. Ile karatasi bado iko mlangoni, maana sijapata mkono wa kuibandua. Na lile swali la ofisini nimejiuliza mwenyewe, na kulijibu, na faili langu limefungwa. Kwa hiyo ulipoandika kwamba akitoka hospitali atakuja kwako, sina hoja ya kupinga. Mchukue. Mimi niliyemaliza chuo kwa kubishana sina neno hata moja la kuweka mezani.

Ila uliandika pia kwamba umeshamtengenezea chumba, na fundi ameweka komeo kwa usalama wake. Watu thelathini na wawili waliweka alama za mikono inayopiga makofi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kila asubuhi Baba anamuuliza muuguzi kama zamu imeisha, na muuguzi anamjibu bado mzee, na yeye anatulia kwa sababu mtu aliye zamu anajua lango litafunguliwa.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto, na wale wazee wa upande wake uwafikishie heshima zangu bila kupunguza. Mgongo wako uutunze. Utamwinua Baba mara nyingi kwa siku, na hakuna atakayekuambia ni mzito kiasi gani sasa.

Na sasa ombi langu, ambalo si ombi. Kurasa hizi usizifiche ili kunilinda. Zipige picha zote, pamoja na ile ya dakika kumi na moja, uziweke pale pale uliponishitaki, mbele ya wote thelathini na wawili. Kisha unijibu pale pale, si pembeni, si kwa simu, kwa maandishi ambayo shangazi zetu watayasoma: komeo la chumba cha Baba, Kaka, umeliweka upande gani wa mlango?

Ni mimi mdogo wako,
Wakili wa Jikoni