Goti Langu Linajulikana Lubumbashi

Mpendwa Mama Loveness, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijashika panga nikakata waya, maana watoto walimnunulia mume wangu Sefania, mwalimu mstaafu, simu janja, akaitupa kabatini, akavuta waya wa antena kutoka kwenye mparachichi hadi paa la jiko, na sasa kila jioni yuko kwenye redio yake ya kurusha na kupokea, leseni anayo, anaita, "Nani ananipata? Ova," eti simu haina utamu kwa kuwa unajua nani atapokea, na mimi niliye hapa hapa Rangwi hanisemeshi, juzi ukungu uligoma kuondoka nikaanika mashuka kwenye waya wake, akatoka mbio, "Toa mashuka, Kristian amepotea!", huyo Kristian ni bwana wa Lubumbashi ambaye hawajawahi kuonana, basi nikayatoa, nikaingia ndani nimkemee Kristian mwenyewe, sijafungua mdomo redio ikasema, "Jambo mama, goti yako inaendelea je?", hata shikamoo hakunipa, Mama, goti langu linajulikana Kongo na mume wangu hajawahi kuniambia pole, nililia, je, nikate waya au nirudi kwetu Mombo?

Scholastica, Rangwi

Marahaba, Scholastica. Pole kwa goti. Angalau mimi nimesema. Barua yako nimeisoma mpaka pumzi ikaniishia, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee. Huko hewani mtu husema hadi amalize, aseme "ova", ndipo mwenzake aanze. Hapo nyumbani Sefania aliipata lini nafasi hiyo?

Usininunie. Najua simu yako ina kundi la kwaya, la ukoo na la kikoba, kutwa maua na "ubarikiwe". Nani humo aliuliza goti? Mimi nilipolazwa, makundi yangu yalinitumia picha ya waridi. Kristian hana picha ya kutuma, ikambidi aulize.

Na wewe Sefania, najua unasoma gazeti hili: aibu! Habari za mkeo zinavuka Ziwa Tanganyika kabla hazijavuka meza. Pole haihitaji waya.

Scholastica, panga lirudi jikoni. Mashuka anika kwingine. Mombo usiende, mteremko ule utalimaliza goti. Leo akizima redio, kaa mbele yake useme, "Sefania, goti linauma, ova." Kisha nyamaza. Ni kazi ngumu kuliko kulima, lakini nyamaza. Asipojibu, ngoja, hata Lubumbashi hawakumjibu mara ya kwanza.